Msisalimie Panya

Moshi Mjini,
Jumanne, 26 Machi 1996.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Kornel,
Kilema.

Shikamoo Baba. Na shikamoo ya pili ni kwa ajili ya lile jani ulilolikuta ndani ya bahasha kabla hujaifikia karatasi hii. Ndiyo, ni isale. Ndiyo, nimelifunga fundo kama inavyotakiwa. Najua sasa hivi umelishika mkononi, na desturi unaijua kuliko mimi: aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Kwa hiyo Baba, umeshanisamehe, na nakushukuru sana. Sasa naomba ukae kwenye kile kiti chako kisichotikisika, usome polepole, nikueleze umenisamehe nini.

Lakini habari kwanza, tusije tukaonekana watu wasio na malezi. Naamini goti la mama limetulia tangu baridi ipungue, na kwamba yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Huku kwetu mimi mwili hauna neno. Kwaresima hii nimeacha sukari kwenye chai, na hasira zinazotokana na chai hiyo namtolea Mungu pia. Vyakula vimejaa sokoni, nguo za mitumba ziko mpaka barabarani, kila mtu anauza kitu. Nasema hivyo kwa sababu barua yako ya mwezi wa kwanza ilianzia hapo hapo.

Uliponitumia mdogo wangu Filemon na mkungu wa ndizi, daftari lako la wagonjwa na ile chupa iliyojaa unga wa dawa, uliniandikia kwamba siku hizi ni soko huria, na kama watu wanaruhusiwa kuuza hata maji, dawa ya nyoka ya babu haiwezi kuendelea kukaa kwenye pembe ya mbuzi juu ya mlango. Ulitaka iwekwe kwenye chupa ndogo na kubandikwa karatasi yenye maneno DAWA YA NYOKA YA MZEE KORNEL, IMEPIMWA MOSHI. Ulisema kinachokosekana ni muhuri tu, na muhuri si uko kwa binti yako. Mwishoni ukapigia mstari neno "tu".

Nikueleze basi kazi yenyewe ya hapa maabara, maana najua huko nyumbani inasemekana nafuga nyoka. Sifugi. Sumu inatufikia ikiwa imekaushwa, kwenye kichupa kidogo, ina rangi ya ule unga wa mahindi ya njano, yanga, tuliokula miaka ya shida. Tunachukua sumu ya kifutu kiasi ambacho tunajua kitamuua panya, tunaichanganya na dawa tunayotaka kuipima, tunauacha mchanganyiko nusu saa kwenye joto kama la mwili, kisha tunawachoma sindano panya sita weupe. Kesho yake saa ile ile tunahesabu. Wakipona wote, tunapunguza dawa na kurudia kwa panya wengine, mpaka tufike pale ambapo nusu wanapona na nusu wanakufa. Hapo ndipo nguvu ya dawa inapojulikana. Tena kila mara lazima yawepo makundi mawili ya ushahidi. Kundi moja linapewa sumu tupu, tuone kama kweli sumu inaua. Jingine linachomwa maji ya chumvi tu, hakuna sumu hakuna dawa, tuone kama sindano yenyewe haina madhara. Hawa wa maji ya chumvi kazi yao ni kupona. Wakumbuke Baba, tutawarudia.

Panya wanatunzwa na Bwana Mikidadi, mtu mzima wa hapa hapa mjini, fundi wa maabara tangu nikiwa nasoma darasa la kwanza. Yeye hawaiti panya, anawaita wageni. Asubuhi anauliza wageni wameamkaje, na mmoja akifa anasema mgeni ametutoka. Kabla ya sindano humwambia kila mmoja pole. Ni mtu mwema sana, na wema wake ndio uliotuletea taabu, kwa sababu ya sharti la dawa yako.

Sharti hilo nililieleza kwa wote kazini kama ulivyonifundisha: mgonjwa akishapakwa unga kwenye chale na kunywa unaobaki kwa maji baridi, asisalimiwe na mtu yeyote hadi jua litue, la sivyo dawa inakasirika na kuondoka. Mkuu wetu, Dakta Beatrice, mwanamke wa Uru, alisema dawa ni dawa, na kama tunapima ya wengine kwa masharti yao basi na ya Mzee Kornel ipimwe kwa masharti yake. Kwa hiyo tuliipima njia mbili. Kwanza kwa njia yetu, tukauloweka unga, tukauchuja na kuuchanganya na sumu. Wale sita walikufa kabla hatujaenda kula. Nikasema hiyo si haki, tufuate njia ya Baba. Tukawachoma sita wengine sumu, Bwana Mikidadi akawachanja chale ndogo akiwa amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akawapaka na kuwanywesha. Mimi nikabandika karatasi mlangoni kwa herufi kubwa: MSISALIMIE PANYA HADI JUA LITUE.

Watu walikuja kuisoma ile karatasi kutoka jengo zima, mpaka mpishi. Ikafika saa tisa alasiri, Dakta Beatrice akaingia na wageni kutoka Dar es Salaam, na wewe unawajua watu wa Uru, husalimia hata kabati. Akasema hamjambo humu ndani. Bwana Mikidadi, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaitikia kwa niaba ya wote kwamba hatujambo mama, karibuni. Nilishika kichwa. Asubuhi wote sita walikuwa wametutoka, na mimi nikasimama kidete kwamba kipimo hicho hakihesabiki kwa kuwa wagonjwa wamesalimiwa. Naomba ujue Baba kwamba nilikupigania. Dakta Beatrice alicheka mpaka akavua miwani, lakini ni mtu wa haki, akakubali turudie.

Siku ya marudio mlango alifunga yeye mwenyewe na funguo akatia mfukoni. Tulikaa watu wazima watatu bila kusema neno, tukielekezana kwa vidole na nyusi. Bwana Mikidadi alipopiga chafya sikumwambia kitu, wala yeye hakusema Alhamdulillahi kwa sauti, na aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuteseka namna ile tangu azaliwe. Hakuna panya aliyesalimiwa. Hakuna hata aliyetazamwa kwa ukarimu. Jua lilipotua hakuna aliyekuwa hai.

Usijione ni wewe peke yako uliyeanguka. Wiki hiyo hiyo tulikuwa na dawa mpya iliyoletwa na mfanyabiashara kutoka nje, boksi zuri linalong'aa, lina picha ya swila amesimama kama askari wa gwaride. Panya watano kati ya sita wamekufa nayo. Dakta Beatrice alisema imetengenezwa kwa nyoka wa huko inakotoka, na kifutu wa Mabogini hajui kusoma boksi. Dawa iliyofanya kazi ni ile ya zamani ambayo hospitali wamekuwa nayo siku zote, isiyo na picha yoyote, inayotokana na damu ya farasi. Kwa dawa hiyo watano kati ya sita walipona, na jioni walikuwa wanagombania chakula. Nakuomba usiniulize farasi anahusikaje, nitakueleza nikija, nayo ni hadithi nzuri.

Sasa nafika kwenye kosa la kwanza kati ya makosa mawili yaliyomo ndani ya lile fundo.

Filemon alipokuja kufuata majibu, nilikuwa na kazi mikononi, nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi kama tunavyoandika kila siku: Unga wa Mzee Kornel, 6/6. Baba, huku kwetu tunaandika waliokufa. Filemon aliisoma pale getini, akapiga kelele, akaninyanyua juu na koti langu jeupe, akasema sita kwa sita, hakuna aliyekufa, Mzee amewashinda Wazungu. Mlinzi akampa mkono. Nilifungua mdomo nimrekebishe, naye alikuwa ameshaanza kukimbia. Ningeweza kumwita. Sikumwita. Nilisimama pale nikijiambia kwamba nitaandika barua kesho, na kesho hiyo imechukua siku kumi na tisa.

Kumbe katika siku hizo kumi na tisa ninyi hamkulala. Mama ananiandikia kwamba ulezi wa pombe ya mbege umeshaoteshwa, kwamba umealika watu Jumatatu ya Pasaka waje washuhudie dawa ikitangazwa, na kwamba chupa mia zimeshaoshwa. Hayo yote ningeweza kuyavumilia, maana aibu haiui. Lakini mwishoni mama ameongeza, kama mtu anayetaja habari ya kuku, kwamba Filemon sasa anaingia kwenye majaruba ya mpunga kule Mabogini pekupeku, kibuyu cha unga kikiwa kiunoni, na kwamba buti zake za mpira amekuachia wewe, unazivaa bandani kwa ng'ombe, zinakutosha vizuri. Baba, hapo ndipo nilipoacha kula. Majaruba yale nayajua. Nusu ya sumu tunayoipima ni ya nyoka waliokamatwa kwenye matuta yale.

Nikachukua daftari lako nikalisoma mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya yote. Umeandika vizuri kuliko wengi wa huku. Watu arobaini na mmoja, waliopona thelathini na wanane. Mtu angesoma hapo angekupa muhuri bila kuuliza. Lakini una mahali pa kuandika nyoka gani, na kwa hao thelathini na wanane, ukiacha mmoja nitakayemfikia, umeandika: hakuonekana, mdogo wa kijani, alikimbia, wa kwenye paa, labda jongoo. Waliofariki ni watatu. Wawili kifutu, mmoja swila, nyoka waliouawa wakaletwa na kutambuliwa. Na mbele ya kila mmoja umeandika kwa wino mwekundu: alisalimiwa njiani.

Wa mwisho ni Aminieli, yule aliyekuwa akisafisha mifereji na Filemon. Umeandika kwamba alisalimiwa na karani wa kahawa. Baba, walimtoa Mabogini kwenye baiskeli, wakapita naye hapa mjini, mbele ya hospitali yenye ile dawa isiyo na picha, wakampandisha mlima hadi kwako kwa sababu ya jina lako. Mimi siku hiyo nilikuwa kazini. Nadhani walipita chini ya dirisha langu. Nililia juu ya daftari lako mpaka Bwana Mikidadi akalichukua akaliweka mbali lisilowe.

Hao thelathini na wanane, Baba, ni wale panya wa maji ya chumvi. Walichomwa, hawakuwa na sumu, wakapona kama ilivyo kazi yao. Na sasa nisome pamoja nawe mstari wa kwanza kabisa wa daftari, ule uliouandika kwa mwandiko wa furaha: Na. 1, Theodora wangu, miaka saba, Agosti 1973. Nyoka: mkubwa, mweusi. Ametapika sumu. Amepona, Mungu ni mwema.

Hili ndilo kosa la pili, na ndilo lililofunga fundo.

Ilikuwa wiki ya ubatizo wa Filemon. Ndizi za mbege zilikuwa zinaivishwa darini, na mama alisema atakayezigusa atamjua yeye ni binti wa nani. Nilipanda. Nilikula tisa, Baba, nyingine bado ngumu. Nikasikia hatua za mama, nikashuka ngazi mbio, nikakimbilia nyuma ya nyumba na kukanyaga lile tandiko la waya la kuanikia kahawa lililochanika. Nyaya mbili zikanichoma kwenye kifundo cha mguu, matundu mawili, sawasawa, kama yamepimwa. Nililia. Mama akaja na fimbo akiuliza ni nini. Nikaiona fimbo, nikayaona matundu, nikasema nyoka.

Hapakuwa na nyoka. Hapakuwa na mkubwa wala mweusi. Rangi hiyo niliitoa kichwani baada ya wewe kuniuliza mara ya pili. Ulinipaka unga, ukaninywesha, na kwa uchungu wake nikatapika, nawe ukapiga kelele kwamba sumu inatoka. Haikuwa sumu. Zilikuwa ndizi za ubatizo wa Filemon.

Utaniuliza kwa nini sikusema kesho yake. Nitakuambia ukweli, ingawa naandika nikiona haya. Ulinibeba mgongoni kuzunguka kihamba chote cha migomba mpaka jua likatua, ukiwafukuza majirani wasinisalimie. Ulikuwa unalia. Sikuwa nimewahi kukuona unalia, wala hukuwahi kunibeba kwa muda mrefu hivyo kabla ya siku ile wala baada yake. Nilikuwa na miaka saba na tumbo linaniuma kwa ndizi, na nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Kilema. Mtoto gani angesema neno? Halafu ukaanza kusimulia kwenye kila mbege, na kila mwaka yule nyoka akawa anaongezeka urefu, hadi mimi mwenyewe nikaanza kumwogopa. Babu aliutumia unga ule kwa matumbo tu, na siku ile wewe ulinipa kwa kuwa hapakuwa na kingine. Aliyeufanya kuwa dawa ya nyoka ni mimi. Na Aminieli yuko kwenye dhamiri yangu kabla hajawa kwenye yako.

Juzi Jumapili nilikwenda Uru kuungama. Padre alisikiliza yote, nadhani akizuia kicheko pale kwenye ndizi. Kisha akasema Mungu ameshasikia, sasa aliyebaki kusikia ni Mzee Kornel. Nilipotoka nikachuma hilo jani kwenye mpaka wa shamba lililo jirani na kanisa.

Kuhusu muhuri, unao. Nimeambatanisha karatasi nyingine, imepigwa muhuri na kutiwa sahihi na Dakta Beatrice. Inasema unga wa Mzee Kornel hauzuii sumu ya kifutu. Chini yake, kwa kuwa ni mtu wa haki, ameandika pia kwamba kundi jingine tulilolijaribu, la panya waliopewa unga bila sumu, walikula mara mbili ya wenzao na kunenepa. Bwana Mikidadi, ambaye tumbo lake humsumbua kwa gesi, aliomba kilichobaki kwenye chupa, na leo anasema anajisikia kijana. Anauliza kama atapata nyingine. Kwa hiyo Baba chupa mia hazikuoshwa bure. Badilisha neno moja tu kwenye karatasi ya kubandika, uandike DAWA YA TUMBO, na babu huko aliko atakutambua.

Lakini kwa nyoka nakuomba hivi. Watu wataendelea kuja kwako kwa sababu wanakuamini, na imani hiyo hakuna hospitali inayoweza kuiagiza kutoka nje. Basi wakija, usichanje, usipake. Mwambie mgonjwa atulie asitembee, mtafutie gari, mshuke naye hadi mjini. Na Jumatatu ya Pasaka usiivunje sherehe. Mbege ikishapoa, nitasimama mimi mwenyewe mbele ya watu na kuwasimulia habari ya ndizi tisa. Wakicheka, wanicheke mimi. Wewe utasema tu kwamba uliipeleka dawa ipimwe, na kwamba waganga wengi hawathubutu.

Barua ya majibu sihitaji, maana najua ukikasirika mwandiko wako hausomeki. Filemon anarudi Mabogini baada ya Pasaka, na mimi nakuja Jumamosi Kuu. Nitaingilia nyuma, upande wa bandani. Nikikukuta kwa ng'ombe umesimama pekupeku kwenye samadi, nitajua kwamba buti zimerudi kwa mwenyewe na jani limefika.

Msalimie mama, nitamlipa zile ndizi kwa kumwoshea vyombo vyote vya sherehe. Msalimie Filemon, mwambie ubatizo wake ulinigharimu kuliko anavyodhani. Dakta Beatrice anawasalimu. Bwana Mikidadi naye anakusalimu sana, kwa sauti kubwa, na anasema siku hizi ndani ya maabara imeruhusiwa.

Ni mimi mwanao, mgonjwa wako wa kwanza, wa maji ya chumvi,

Theodora.